Kiungo Aliyebadilishwa na Zulia

Toledo, Ohio
3 Novemba 1996

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tangu tuhame Erie sijashika kalamu, na si kwamba nimekusahau. Kila nikikaa, Augie analia. Augie akinyamaza, Nell anataka maji. Nell akipata maji, mimi nimeshalala na viatu miguuni. Natumaini goti lako limetulia na baridi ya St. Louis haijaanza kukuchokoza. Sisi wazima. Augie ameota jino na amelijaribia begani kwangu. Nell anauliza kila siku kama huu ndio mji wetu au ni wa kupita tu. Namwambia ale.

Dale anakusalimu. Magoti yake yote mawili yamechubuka. Mpira huku wanauchezea ndani ya ukumbi, na uwanja wenyewe ni zulia la kijani lililotandikwa juu ya barafu ya mchezo wa magongo, kwa hiyo mtu akianguka anaungua juu na kuganda chini.

Uliuliza timu ni ya namna gani. Inaitwa Nyigu. Mwanao alianza na Radi, akaenda Tufani, akapita Mabaharia ambao ziwa lenyewe walikuwa wanaliogopa, leo ni Nyigu. Sijui nani huwapa majina hawa watu, nadhani ni watoto wenye homa. Mwenye timu ni Bwana Stemmler, muuza magodoro. Jumamosi asubuhi wachezaji hupelekwa dukani kwake wakaruke juu ya magodoro mbele ya wateja. Juzi anayevaa kinyago cha nyigu aliumwa, wakamvalisha Dale. Mtu wa miaka thelathini na moja, aliyewahi kuitwa kambi ya timu ya taifa, anatikisa mwiba mbele ya akina mama waliokuja kutafuta dawa ya mgongo! Nell alimtambua kwa mwendo. Akapaza sauti, "Baba, toka humo!" Duka zima likacheka. Mimi sikucheka.

Fleti ni ya timu. Kiti cha timu, kitanda cha timu, hata vijiko vina kibandiko cha nyigu. Ila sisi wake wa wachezaji tuna desturi yetu ambayo hakuna kocha anayeijua: anayeondoka humwachia anayekuja kile kisichoingia kwenye gari. Nilikuta sufuria kubwa nzuri, unga nusu pakiti, na karatasi imebandikwa ukutani: "Jiko la nyuma kushoto haliwaki. Daktari mzuri wa watoto yuko juu ya duka la viatu. Kocha ni muongo." Sijawahi kumwona huyo dada, lakini nampenda kuliko timu nzima.

Sasa jambo lenyewe. Chuo cha hapa kimenipokea kusomea usaidizi wa daktari wa meno, kuanzia Januari. Unajua nilishaandikishwa Raleigh, nikaandikishwa na Erie, na kote tulihama kabla sijafungua kitabu. Nimemwambia Dale safari hii sihami katikati. Akanishika mkono, akasema, "Mwaka mmoja tu, Renee, halafu tunatulia." Mama, hiyo "mwaka mmoja tu" nimeisikia kila mji. Ingekuwa kuku ningekuwa nauza mayai.

Zungumza naye, tafadhali. Wewe anakusikiliza.

Mkweo,
Renee


St. Louis, Missouri
14 Novemba 1996

Renee mwanangu,

Barua nimeipata, nikaisoma nimesimama jikoni maana goti limekataa kukunjwa. Vinginevyo namshukuru Mungu. Mbusu Augie na jino lake. Mwambie Nell bibi anasema nyigu ni mdudu asiye na maana, hata asali hana.

Nitakujibu bila kukupaka mafuta. Uliolewa na mchezaji, na hakukuficha. Harusini kwenu nusu ya wanaume walikuwa wanachechemea. Mtaani kwetu mtoto hupewa mpira kabla ya ubatizo, wewe uliyajua hayo, ukavaa shela ukaja. Marehemu baba yake alipakia mapipa ya bia mchana na kuichezea parokia jioni, wala hakulipwa hata soksi. Dale analipwa. Unajua ni wangapi hapa mtaani wangekata kidole walipwe? Mwana wa Dolores Bruening alikuwa na miguu mizuri kama yake, leo anazibua vyoo vya sekondari.

Hayo meno ya watu wa Toledo yalikuwepo kabla yako, na yatatoboka baada yako. Chuo hakikimbii. Miguu ndiyo inayokimbia.

Huyo Stemmler simpendi. Mtu ambaye kazi yake ni kuwalaza wenzake ataendesha timu vipi? Nitazungumza na Dale mkija Krismasi, si sasa. Mwanamume hasukumwi msimu ukiwa katikati. Nitawachomea nyama ya bega la nguruwe anayoipenda. Vumilia, mwanangu. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Mama yako,
Lorraine


Toledo
9 Desemba 1996

Mama,

Natumaini u mzima kuliko mimi. Watoto hawajambo. Keti kwanza, goti lipende lisipende.

Dale amebadilishwa. Amepelekwa Wichita, Kansas, kwa timu inayoitwa Vimbunga. Ameshaondoka.

Ilikuwa hivi. Bomba lilipasuka uwanjani, zulia letu likaloa, likaganda, na walipolikunjua likakatika vipande kama biskuti. Stemmler akataharuki, mechi ya nyumbani imekaribia na hana pa kuichezea. Huko Wichita wamenunua zulia jipya, la zamani wamelikunja stoo. Wakamwambia: tupeni kiungo wa mguu wa kushoto, chukueni zulia. Stemmler hakuuliza hata kama limefagiliwa.

Kocha Branko akamwita Dale ofisini. Dale akauliza kile wanachouliza wote: "Nimebadilishwa na nani?"

Kocha akatazama dirishani. "Hakuna mtu," akasema. "Ni zulia."

"Zulia peke yake?"

"Na gundi yake. Ni zulia zuri, Dale. Usijidharau."

Aliyasimulia hayo amesimama mlangoni, begi bado begani. Nilicheka, Mama. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka Augie naye akaangua kicheko bila kujua kisa. Halafu nikauona uso wa mume wangu, nikaacha, nikampokea begi.

Akasema, "Kule wananihitaji. Nitaanza kila mechi."

Nikamwambia, "Dale, hawakuwa wanatafuta mchezaji. Walikuwa wanasafisha stoo."

Akasema sijui mpira. Ni kweli, siujui. Mazulia nayajua.

Nilimuuliza kwa nini asikatae. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini asiruke. Mchezaji hapa hana sauti, anayekataa kubadilishwa anarudishwa nyumbani na hakuna timu itakayompigia simu tena. Basi akaondoka asubuhi, chai yake ikabaki inafuka mezani. Klabu imenipa mpaka mwisho wa mwezi niiache fleti.

Chuo kinafunguliwa Januari. Sijui nitafanya nini. Najua nisichotaka kufanya.

Mkweo,
Renee


St. Louis
16 Desemba 1996

Renee mwanangu,

Salamu sina nyingi leo, nimejaa hasira mpaka kwenye nywele. Poleni nyote.

Gazeti la hapa limeandika. Si ukurasa wa mbele, la. Mistari michache chini ya matokeo ya samaki waliovuliwa mtoni, pamoja na kichwa cha habari cha kuchekesha. Ijumaa nimekwenda ukumbi wa kanisa kucheza bingo, sijavua hata koti, Dolores Bruening akaita kutoka meza ya tatu: "Lorraine! Mimi nina kipande cha kufutia miguu mlangoni. Nikiwapa, nitapata golikipa?"

Ukumbi mzima, Renee. Hata padri alijifanya anakohoa.

Nikamjibu, "Dolores, wako wewe hata kwa tambara la deki hawamtaki." Lakini nikakosa namba zangu zote.

Sasa nisikilize. Funga vitu vyako umfuate mumeo Wichita. Mwanamume aliyechekwa na nchi nzima haachwi peke yake jioni akitazama kuta. Huko ndiko kuwa mke. Meno baadaye. Ukibaki huko, watu watasema amebadilishwa na zulia na mkewe naye akakubali bei.

Krismasi msije, Dale hatakuwepo huku. Nendeni Wichita moja kwa moja. Nawatumia soksi za watoto.

Mama yako,
Lorraine


Toledo
12 Januari 1997

Mama mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini umeuanza na miguu yote miwili ikikutii. Soksi zimefika, Nell analala nazo. Augie alikuwa na homa ya sikio, sasa amepona.

Sikumfuata. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Niliisafisha fleti kama ilivyo desturi yetu. Nikaosha sufuria, nikaandika karatasi kwa dada anayekuja: jiko lipi bovu, daktari yuko wapi, nani asimwamini. Nilipokuwa naibandika ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayekuja. Badala ya Dale halikuja jina la mtu. Mke wa zulia ni nani? Nikaichana. Siku ya kukabidhi ufunguo walikuja wanaume wawili wakaanza kuingiza mabaki ya zulia katika chumba walicholala wanangu, maana lilikuwa pana kuliko uwanja wetu. Mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, unaweza kusogeza kitanda cha mtoto?" Nikasogeza. Kisha nikaichukua ile sufuria, nikaondoka nayo.

Sasa tunakaa juu, kwenye nyumba ya Bi Ilonka Torda, mjane wa Kihungari mwenye duka la mikate. Asubuhi namkunjia mikate yake midogo yenye kokwa za jozi na jamu, mchana anakaa na watoto mimi nikiwa darasani. Siku ya kwanza alinihoji huku amenishika kidevu.

"Mume wako anafanya nini?"

"Anacheza mpira."

"Vizuri. Kazi yake?"

"Mpira, bibi."

"Nimesikia. Kazi yake?"

Nimemaliza wiki ya kwanza. Walimu wanaongea haraka, wenzangu ni wasichana wasio na watoto, wanalala usiku kucha kama wafalme. Lakini najifunza. Nell ameshajua majina ya meno yote ya mbele na anamkagua paka wa Bi Ilonka.

Dale hupiga simu Jumapili. Ya kwanza alikuwa na furaha: "Renee, wamenipa namba nane!"

Nikamuuliza, "Na sisi umetupa namba gani?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeikumbuka harufu ya kichwa cha Augie." Nikalia, Mama. Nilipomaliza kulia nikamwambia bado siji.

Unasema mwanamume aliyechekwa haachwi peke yake. Mimi sijamwacha. Yeye ndiye aliyepakiwa. Nimesimama mahali pamoja, basi, ili anayetutafuta ajue tulipo. Nampenda mwanao. Ninaowadharau ni waliomchukua na waliomtoa, na ile subira ambayo mnaniambia ni fadhila. Nimeitazama vizuri, naona ni uvivu wa watu wengine tu, nami ndiye ninayeufulia nguo.

Usinichukie.

Mkweo,
Renee


St. Louis
9 Machi 1997

Renee mwanangu,

Natumaini sikio la mtoto limekaa sawa. Mimi nipo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna, na nilipomaliza kununa nikapanda basi kwenda Wichita.

Usishangae. Miaka yote hii sijawahi kumwona akicheza nje ya mji huu. Nilikuwa nikikata habari zake magazetini na kubandika. Kwenye magazeti kila uwanja umejaa.

Fleti yao, ee Mungu wangu. Anakaa na vijana watatu walioacha kunyonya juzi. Wanakula tambi kutoka kwenye sufuria moja, wamesimama. Wanamwita Mzee. "Mzee, soksi zako zinanuka! Mzee, mama yako amekuja kukuchukua?" Godoro lake liko nyuma ya mlango, ukifungua unamgonga kichwa. Nilimgonga.

Mechini watu walikuwa wachache, na hao wachache walikuja kula bisi. Hakuanza. Ulisema kweli, walikuwa wanasafisha stoo: hakuanza hata mechi moja, mmoja wa wale vijana aliniambia. Wakati wa mapumziko ndipo alipotoka benchi, akapewa furushi la fulana awarushie watazamaji. Dume moja mbele yangu likaanza kuimba, "Zulia! Zulia!" na upande mzima ukaitikia, kwa furaha, kama wanamwita mbwa wao.

Dale akawapungia mkono. Akatabasamu, Renee.

Mwishoni waliposhindwa kabisa wakamwingiza. Alipiga pasi mbili nzuri sana, nzuri kuliko zote zilizopigwa pale ndani, na hakuna aliyekuwepo kuzipokea. Wale wapumbavu walikuwa wamesimama.

Nje nilimuuliza, "Kwa nini uliwapungia? Baba yako angeliruka ule ukuta wa mbao akawakamata."

Akasema, "Mama, ndilo jina langu pekee wanalolijua."

Nikamfungia koti vifungo kama mtoto, naye akaniachia nimfungie.

Sisemi una haki, usianze kujivuna. Nasema nimeona. Hakuna timu pale. Kuna muuza magodoro mwingine mwenye kofia kubwa zaidi.

Nijibu.

Mama yako,
Lorraine


St. Louis
4 Mei 1997

Renee mwanangu,

U hali gani? Jibu lako halijafika. Nilipiga simu nikapokewa na huyo mwanamke wa mikate, akanipigia kelele kwa lugha yake akichanganya na yetu. Nilichoelewa ni "mtihani" na "kulala". Nikakata. Mambo ya maana siyasemi kwenye simu, mtu anaweza kujibu kabla hujamaliza.

Dale yuko hapa. Vimbunga hawakumwongezea mkataba. Alijua alipokuta kabati lake lina jezi ya mtu mwingine. Amelala chumba cha chini, katikati ya masanduku yenu ya tangu Raleigh, kama mlinzi wa bandari. Asubuhi anakimbia mpaka mtoni na kurudi. Kisha anakaa karibu na simu. Nimehamisha ile simu mara mbili, naye anahama nayo.

Na imelia. Timu moja ya Florida wanataka akajaribiwe, tarehe kumi na tisa. Hawaahidi kitu, hawatumi nauli, wanasema aje na viatu vyake. Timu inaitwa Pomboo. Nilidhani hawajabakiza mdudu wala hali ya hewa. Kumbe walikuwa hawajafika baharini.

Nikamwambia, "Dale, una mke na watoto wawili wamekaa juu ya duka la mikate."

Akasema, "Mwaka mmoja tu, Mama."

Nikamwambia, "Hiyo sentensi mkeo ameshaizika, na mimi nilikuwepo mazishini."

Amenuna. Lakini jana akiwa anakausha vyombo aliuliza, bila kunitazama, kama umewahi kuuliza habari zake. Nimjibu nini? Nilimpiga na kitambaa, lakini hilo si jibu.

Mpwa wangu Vern anapeleka mzigo Detroit na lori lake tarehe kumi na saba. Atapita Toledo. Niambie unataka nini katika masanduku haya nikufungie. Niambie kila kitu. Vern si mtu wa kurudi mara ya pili.

Mama yako,
Lorraine


Toledo
9 Mei 1997

Mama mpendwa,

Barua imefika leo na najibu leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nisamehe ile ya Machi. Niliisoma mara nyingi na kila nikianza kuijibu naishia pale alipopunga mkono. Halafu ikaja mitihani. Nimefaulu, Mama. Sijawa wa kwanza, ila nimewapita wasichana kadhaa wanaolala usiku kucha. Watoto wazima. Augie anatembea, anashika ukuta na kuutukana kwa Kihungari. Natumaini goti linakuruhusu kushuka ngazi, maana nakuomba ushuke umwambie Dale haya, neno kwa neno.

Mwambie nimeuliza habari zake kila siku. Ni kwamba sikumuuliza mtu.

Mwambie simzuii Florida. Akienda, sitapiga kelele wala sitamsema vibaya mbele ya watoto. Lakini sitafunga sanduku hata moja, na sitamwambia tena Nell kwamba baba anarudi karibuni. Nell ameacha kuuliza kama huu ni mji wa kupita. Sitamrudisha kwenye swali hilo kwa ajili ya pomboo.

Mwambie akija, aje kukaa. Si kuja kutusalimia akiwa na begi tayari mlangoni. Shemeji yake Bi Ilonka ni msimamizi kiwanda cha vioo, wanaandika watu mwezi wa sita, kazi ya kusimama na joto kali. Hakuna atakayempigia makofi. Hakuna atakayemwimbia pia. Mwambie hapa tunalijua jina lake lote, na Augie anajifunza kulitamka.

Usimbembeleze, Mama, wala usimfokee. Mpe maneno, kisha panda juu umwache na simu yake.

Kwa Vern, ninavyohitaji bado ni hivi:

Cheti cha kuzaliwa cha Nell na kadi yake ya chanjo. Shule inaandikisha Agosti na bila hivyo hawampokei.

Cherehani, na kile kisanduku cha sindano.

Sanduku la nguo za baridi lenye kamba nyekundu. Lile la kamba ya bluu gawa kanisani, watoto wameshakua.

Viti viwili vya jikoni. Viwili vinatosha, vya watoto ninavyo.

Kitanda chetu kikubwa, ubao wa kichwani na wa miguuni, pamoja na skrubu zake zote. Zifunge kwenye mbao zenyewe, Vern asizitie mfukoni.

Dale, kama naye yuko tayari kupakiwa. Akae mbele.

Na kama atakuwa ameshaelekea Florida, basi kitanda kibaki huko, mimi na watoto tunaenea kwenye hiki kidogo. Kiti nacho kimoja tu. Cherehani, nguo za baridi, cheti cha Nell na kadi ya chanjo.

Mkweo,
Renee